Uzito wa Siku Kumi na Nane

Wodi ya watoto njiti ilikuwa mwisho kabisa wa korido, mlango wake wa kioo umefifia kwa ukungu, na aliyeufungua alipokewa na joto kabla hajaona chochote. Ndani kulikuwa na vitanda kumi na viwili vya plastiki, vidogo kama masanduku ya viatu, na muuguzi mmoja aliyekuwa akiishika zamu ya asubuhi mwaka wa sita sasa. Wenzake walimwita Sista Gramu.

Jina hilo alilipata kihalali. Kila siku saa mbili, kabla daktari hajapita, aliwapima watoto wote mmoja baada ya mwingine, akiwa amewavua kila kitu hata soksi. Mama akiuliza, hakupewa jibu la "anaendelea vizuri." Aliambiwa, "Ameongeza gramu kumi na tano." Na mama ambaye mtoto wake hajatimiza hata kilo moja na nusu, ukimwambia gramu kumi na tano, umempa chakula cha siku nzima.

Barua nazo ni yeye aliyezianzisha, hakutumwa na mtu. Kila mtoto aliyeruhusiwa kwenda nyumbani aliondoka na karatasi moja iliyochapwa vizuri: salamu kwa mama, maelezo ya kumnyonyesha na kumweka kifuani, na chini yake jedwali la uzito wa mtoto tangu siku ya kwanza hadi siku ya kutoka. Akina mama waliitunza karatasi ile kuliko cheti cha kuzaliwa. Kuna mmoja aliipeleka kuwekewa plastiki akarudi kuionyesha wodi nzima, na wodi nzima ikampigia makofi.

Ila kuiandika ilikuwa shughuli. Uzito wote ulikuwa kwenye jedwali la kompyuta katika kiofisi kilichobanwa kati ya stoo ya nepi na sinki la kufulia. Kila mtoto na mstari wake, kila siku na safu yake. Sista Gramu alikuwa anatazama namba tatu kwenye jedwali, anazishika kichwani huku akizinong'ona, anafungua barua, anaziandika, anarudi tena kuchukua tatu nyingine. Mtoto aliyelazwa siku hamsini, namba hamsini. Hapo hapo mtoto analia, simu inaita, daktari anamtafuta. Siku moja gramu 1,210 akaziandika 2,110. Muuguzi wa kliniki alipoisoma barua alimgeukia mama wa watu: "Umemfanyaje huyu mtoto mpaka amepungua karibu kilo nzima?" Yule mama alirudi wodini akilia kwa kwikwi, na Sista Gramu akalia naye.

Aliyemwokoa ni karani wa kumbukumbu. Huyu alikuwa mzee wa miaka hamsini na minane, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu, na hospitali yote ikimwita Mzee Faili. Kompyuta zilipoletwa watu walidhani ataomba kustaafu mapema. Badala yake alizipenda kama mtu aliyepata mke wa pili uzeeni.

Alimkuta Sista Gramu ananong'ona namba, akasimama mlangoni kumsikiliza.

"Binti yangu, unasali?"

"Nanakili, mzee. Usinichanganye."

"Kwa mdomo? Hebu sogea." Alivuta kiti, akaweka miwani puani. "Mstari wa mtoto huu hapa. Shika mwanzo wake, uvute mpaka mwisho. Vuta, usiogope. Fika mpaka siku ya sitini."

"Mbona huko mbele patupu?"

"Patajaa. Umeona umekuwa wa bluu? Haya, nakili. Sasa nenda kwenye barua. Hapana, hapana! Usibandike hivyo."

"Kwani kubandika kuna namna ngapi?"

"Ziko mbili. Ukibandika kawaida, umechukua namba za leo, basi, mmeachana. Kesho jedwali likibadilika barua haina habari. Ukibandika kwa kiungo, barua inakumbuka namba zimetoka wapi. Kila ukiifungua inakwenda kuziangalia tena zilipo."

"Yenyewe?"

"Yenyewe. Itakuuliza tu, 'Nisasishe?' Wewe bofya ndiyo."

Walijaribu. Sista Gramu alibadilisha namba moja kwenye jedwali, akaifunga, akafungua barua. Kompyuta ikauliza. Akabofya ndiyo, na namba ikageuka mbele ya macho yake. Alicheka mpaka akampiga yule mzee begani, kisha akaomba radhi, kisha akacheka tena.

"Kila mara ndiyo?" aliuliza.

"Kila mara ndiyo."

Tangu siku hiyo alibadilisha utaratibu. Mtoto akilazwa tu, alimwandikia barua yake hapo hapo, akaiunganisha na mstari wake, akaiacha imsubiri. Moyoni alikuwa na imani kidogo kwamba mtoto mwenye barua atatoka. Hilo hakumwambia mtu.

Mtoto wa fundi cherehani aliingia wodini akiwa na saa mbili tangu azaliwe, gramu elfu moja na arobaini, wa kiume, kitanda namba sita. Mama yake alikuwa na kibanda cha kushona nyuma ya kituo cha mafuta, kazi aliyoifanya tangu akiwa msichana. Alikuwa mwanamke mkimya, mwembamba, mwenye tabia ya kutazama mtu mabegani kwanza kabla ya usoni, kama anayemkadiria shati. Tangu siku ya pili alifika karibu kila asubuhi kabla ya saa mbili, akasimama upande wa pili wa mizani. Hakuwa na daftari. Sista Gramu akisoma namba, yeye aliirudia taratibu kwa midomo tu, basi.

Yule mtoto alishuka kwanza, kama wanavyoshuka wote, kisha akaanza kupanda. Siku ya saba alirudi kwenye kilo moja kamili. Siku ya kumi na saba alikuwa na gramu elfu moja mia moja thelathini na tano, na mama yake aliomba kumgusa kisigino. Siku ya kumi na tisa, alfajiri, kabla hajapimwa, aliacha kupumua. Walihangaika naye dakika arobaini. Fundi cherehani alipofika, kitanda namba sita kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi, na Sista Gramu alimkamata mikono yote miwili mlangoni, na hakuhitaji kusema.

Hiyo ilikuwa mwisho wa mwezi mmoja. Mwezi uliofuata ulikuwa umefika karibu na mwisho wake pale fundi cherehani aliporudi.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Sista Gramu alimwona kupitia kioo, amesimama koridoni na mkoba ameushika kwa mikono miwili mbele ya tumbo. Akanawa mikono, akatoka.

"Mama, karibu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, sista. Sitakuchelewesha. Nimekuja kuuliza kitu, kama hakiwezekani niambie tu nirudi zangu."

"Sema mama."

"Ile barua. Mnayowapa wanaotoka." Alitazama ukutani. "Najua wangu hakutoka. Ila kule nyumbani nina karatasi moja tu, ya kifo. Nimekaa nikaona haiwezekani mtu akawa na karatasi ya kufa peke yake. Mume wangu anasema tusimtaje, tutaumia. Picha hatukupiga. Nguo nilizomshonea zote zilikuwa kubwa. Nikasema labda zile namba zake mnazo."

Sista Gramu alihisi kitu kilichofanana na furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu alfajiri ile alikuwa na kitu cha kumpa.

"Barua yake ipo," alisema. "Niliiandika siku aliyoingia. Kaa hapo kwenye benchi."

Aliingia kiofisini, akaifungua. Kompyuta ikauliza, akabofya ndiyo. Alifuta maneno ya kunyonyesha, akaandika mstari mmoja wa pole, akatazama juu juu kuona jedwali limekaa sawa kwenye karatasi. Namba hakuzisoma. Hakutaka kuzisoma. Alichapa, akatia sahihi, akagonga muhuri, akaitia kwenye bahasha na kuitoa nje. Hapo mtoto wa kitanda cha tisa alianza kukoroma vibaya, naye akarudi ndani mbio.

Alipomaliza kumvuta yule mtoto makohozi na kunyoosha mgongo, zilikuwa zimepita dakika kama kumi. Fundi cherehani alikuwa bado kwenye benchi. Barua ilikuwa wazi mapajani, na kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya jedwali, polepole, namba hadi namba, mpaka kikafika chini. Kisha aliinuka, akaja kugonga kioo kwa ukucha.

"Sista, huyu si wangu."

"Si wako vipi?"

"Ya kwanza hii wameandika elfu moja na sitini. Wangu ni arobaini. Nikasema wamekosea kidogo tu, nikaendelea. Lakini angalia." Aliweka kidole kwenye karatasi. "Wangu aliishia siku ya kumi na nane. Hapa zinaendelea. Kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja... mpaka thelathini na nane. Amefika kilo moja mia sita arobaini."

Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira.

"Na mimi nilivyo mjinga," aliongeza, "nilizisoma zote. Pale kwenye benchi nikawa namwona anakua. Nimefika kilo moja na nusu ndipo nikakumbuka."

Sista Gramu aliichukua ile karatasi. Hakuhitaji kuangalia kwenye jedwali kujua ni nani. Gramu 1,640 alikuwa amezipima mwenyewe asubuhi ile ile, kitanda namba saba. Alimshika yule mama mkono, akamwingiza kiofisini, akamkalisha kwenye kiti chake, kisha akapiga simu kumbukumbu.

"Mzee, njoo. Njoo sasa hivi."

Mzee Faili alikuja akihema, miwani ikimpigapiga kifuani. Aliangalia barua, akaangalia jedwali, akaangalia barua tena. Halafu akakaa juu ya boksi la nepi.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe umefanyaje?"

"Mwisho wa mwezi, matroni aliniambia watoto waliofariki wanavuruga wastani wa uzito kwenye ripoti, niwatoe niwaweke kwenye faili lao. Mwezi ule alikuwa mmoja tu, nikamtoa. Nikafuta mstari ili pasibaki pengo." Alinyoosha kidole kwenye barua. "Barua haimjui mtoto kwa jina, binti yangu. Inajua mahali tu. Iliambiwa ikachukue namba kwenye mstari wa kumi na nne. Nilipoufuta wa kumi na nne, wa kumi na tano ukapanda ukakaa pale pale. Barua ikaenda mahali ilipoagizwa, ikamkuta mtoto mwingine."

Alipogundua kwamba mwanamke aliyekaa kwenye kiti ndiye mama mwenyewe, alivua miwani.

"Mama, unisamehe. Sikufanya kwa ubaya. Niliona ninapanga vizuri."

Fundi cherehani alimtazama mabegani, kisha usoni. "Zake ziko wapi sasa? Kwenye hilo faili lingine?"

Mzee Faili aliishusha barua magotini. "Kule nilimwandika tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufariki. Uzito wa kila siku sikuuhamisha. Hawakuuhitaji." Kisha akasema haraka, "Lakini kila Ijumaa huwa naweka nakala kwenye flashi. Ya mwezi ule imefungiwa jengo la utawala, na mwenye ufunguo leo hayupo. Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni kwake. Nakuahidi."

Bomba la sinki lilikuwa linadondosha maji.

"Kesho ni sawa," alisema fundi cherehani. "Ila leo nimeshafunga kibanda na nimeshafika. Sista, andika. Nitakutajia."

"Utanitajia nini?"

"Namba zake."

Sista Gramu alifikiri amesikia vibaya. Yule mama akatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza tangu aje. "Wateja wangu mia na zaidi, siandiki kipimo cha mtu. Kifua, mkono, kiuno, vyote viko hapa. Nitasahau vya mwanangu?"

Basi Sista Gramu akafungua karatasi mpya, akachora jedwali tupu, na yule mama akaanza. Elfu moja na arobaini. Elfu moja na kumi na tano. Mia tisa tisini. Alisema na mambo yaliyokuwa pembeni ya namba: siku hii alipiga chafya, siku hii mlikuwa mmemvalisha kofia ya njano, siku hii ulisema ana nyusi za baba yake na hujawahi hata kumwona baba yake. Mzee Faili aliendelea kukaa juu ya boksi, hakutikisika. Kuna wakati Sista Gramu aliacha kuona kioo cha kompyuta kwa machozi na akaandika kwa kukumbuka vitufe vilipo.

Walipofika siku ya kumi na moja yule mama alisita.

"Hii sina. Nilikuwa na homa, mlinikataza kuingia. Acha wazi."

Akaiacha wazi. Waliendelea hadi ya kumi na saba, elfu moja mia moja thelathini na tano.

"Na ya kumi na nane," alisema fundi cherehani, "hiyo hiyo. Uliniambia amebaki palepale."

Vidole vya Sista Gramu vilisimama juu ya vitufe, muda mfupi tu. Kisha akaandika 1,135.

Siku ya pili Mzee Faili alifika wodini saa mbili na robo, flashi ameishika kwenye kiganja kama kifaranga. Walifungua nakala ya zamani, wakauona mstari wa kumi na nne ukiwa mahali pake. Walizilinganisha, yeye akisoma, Sista Gramu akiangalia karatasi ya jana. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Mzee alikuwa anatikisa kichwa kwa mshangao kila namba. Ya kumi na moja, iliyoachwa wazi, ilikuwa 1,070. Zote sawa, mpaka wakafika mwisho.

"Kumi na nane," alisoma mzee. "Elfu moja mia moja na tano." Akainua macho. "Hii haifanani. Yeye alisema thelathini na tano. Basi moja tu kati ya kumi na saba, mama wa watu amejitahidi sana. Atakuwa amesahau."

"Hakusahau," alisema Sista Gramu.

Alisimama, akafunga mlango wa kiofisi.

"Alipungua gramu thelathini usiku mmoja. Nilimwambia daktari, akaanzishiwa dawa saa ile ile. Halafu mama yake akaingia, bado amekonda kwa ile homa yake, midomo imepasuka, ananitazama. Nikamwambia amebaki palepale. Nikasema kesho akipanda nitamwambia ukweli wote pamoja."

Mzee Faili aliivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Hakuna anayejua isipokuwa wewe na mimi. Ukiiacha ya kwake, nani ataumia?"

Ukweli ni kwamba Sista Gramu aliifikiria. Aliifikiria wakati anawapima watoto wa upande wa dirisha, na wakati anachemsha vikombe vya kulishia. Asingekuwa mtu wa kwanza kuacha namba moja ilale. Lakini yule mwanamke alikuwa amekuja kutafuta namba za mwanawe, zile zake hasa, na tayari jana alikuwa amepewa za mtoto wa mtu.

Fundi cherehani alifika saa nne. Safari hii Sista Gramu hakumpa bahasha. Alimkalisha, akamwekea karatasi mbili mezani, ya kumbukumbu yake na ya flashi, akaweka kidole kwenye namba ya mwisho.

"Mama, hapa nilikudanganya mimi."

Alimweleza. Hakujitetea, na alipotaka kujitetea alijiuma ulimi. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama, akatoka nje ya kiofisi, akapita korido yote mpaka dirisha la mwisho linalotazama maegesho. Alikaa pale muda mrefu. Mzee Faili alitaka kumfuata, Sista Gramu akamzuia.

Aliporudi macho yake yalikuwa makavu.

"Ungeniambia ningebaki," alisema. "Ningekaa kwenye lile benchi mpaka asubuhi. Ningekuwepo."

"Ndiyo, mama."

"Nililala vizuri usiku ule. Nilimwambia mume wangu amebaki palepale, tukala, tukacheka. Sijalala hivyo tena tangu hapo." Alikaa chini. "Sijui nikushukuru au nikugombeze, sista. Kweli sijui."

"Nigombeze."

"Siku nyingine labda. Leo andika ile ya kweli."

Sista Gramu akaiandika: 1,105. Mzee Faili alisogea, akaomba ruhusa, akamwonyesha mahali pa kubofya ili kiungo kikatwe kabisa na namba zibaki kwenye barua kama zilivyo, hata jedwali zima likifutwa kesho. "Hapa sasa hata mimi siwezi kuziharibu," alisema. Wakachapa nakala mbili. Sista Gramu alizisoma zote mbili, namba kwa namba, kwa sauti, ndipo akatia sahihi.

Fundi cherehani aliikunja yake mara moja tu, akaitia kwenye mkoba, halafu hakuinuka.

"Yule mwingine," alisema. "Wa kilo moja mia sita arobaini. Yupo bado?"

"Yupo. Leo ana mia sita sitini."

"Naweza kumwona?"

Sista Gramu alikwenda kumuuliza mama wa kitanda namba saba, msichana wa miaka kama ishirini aliyekuwa anakamua maziwa nyuma ya pazia. Alimweleza kwa ufupi, bila kuficha. Yule msichana aliufunika mdomo wake, kisha akasema, "Mlete, sista. Mlete dada."

Wakamvalisha joho na kumnawisha mikono. Fundi cherehani alisimama mbele ya kitanda kidogo cha plastiki, akainama. Mtoto alikuwa amelala chali, mikono imetupwa juu, shavu moja limeanza kujaa. Yule mama mdogo alisimama kando yake, akasema, "Anapenda kulala hivyo."

"Mabega mapana," alisema fundi cherehani. "Atavaa shati kubwa huyu."

Wote wawili wakacheka, kicheko kidogo cha kuogopa kumwamsha mtoto. Kisha fundi akasema ana mteja wa saa sita, akavua joho, akaaga.

Sista Gramu na Mzee Faili walirudi kiofisini. Kama mstari wa kumi na tano ulipanda, basi ilipanda yote iliyokuwa chini yake, na tangu mstari ufutwe barua mbili zilikuwa zimeshatoka. Walizifungua. Kila moja ilikuwa na namba za mtoto wa mstari uliofuata. Mzee alisahihisha, akakata viungo, akachapa. Mama wa kwanza walipompigia simu alisema, "Kumbe! Na mimi nilikuwa najiuliza huyu mtoto alizaliwa lini na uzito huu mzuri," akacheka mpaka simu ikakwaruza. Wa pili hakucheka. Alisema kliniki walikuwa wameshamwonya mara mbili kwamba mtoto hanenepi, na kwamba yeye mwenyewe usingizi hapati.

"Kesho nitakuletea barua yako mwenyewe," alisema Sista Gramu. "Nielekeze nyumbani."

Alichukua kalamu, na yule mama akaanza kumwelekeza: ukishuka lami, kata kulia, upite mashine ya kusaga, uulize kwa fundi baiskeli.